Daftari la Dizeli

Basi hili lilikuwa la chuo kimoja huko Mpwapwa.
Tulilinunua mnadani, mimi na Ndahani,
tukang'oa viti, tukabakiza viwili vya mbele,
tukaweka kitanda, jiko la gesi, pipa la maji,
na pazia la kitenge ambalo upepo wa Dodoma
hulichezea kama mtoto wa jirani asiye na adabu.

Nyumba ya magurudumu sita.
Haina kodi ya pango, haimjui mwenye nyumba.
Ila ina koo.

Nilifundisha hesabu Hombolo miaka thelathini na mmoja,
kwa hiyo daftari nalishika mimi.
Mstari wa kwanza: Kibaigwa, lita arobaini.
Pembeni nikaandika kwa penseli: mbuzi mmoja, jike.
Kongwa, lita sitini: magunia mawili ya mahindi.
Kondoa, lita themanini,
kwenda kumsalimu dada yake Ndahani
ambaye siku hiyo alikuwa Babati.
Hapo pembeni sikuandika kitu. Nilichora mstari tu,
kalamu karibu itoboe karatasi.

Wanasema safari ni hatua.
Yetu ni lita.

Nilipostaafu walinipa kiinua mgongo.
Mgongo uliinuka kweli, kama wiki tatu hivi.
Sasa kila sheli nauona ukiinama,
ukiteremka polepole
ndani ya mpira mweusi wa pampu.

Jana kilima cha Saranda kilitunyonya.
Gia ya pili, gia ya kwanza,
Ndahani akilibembeleza kwa Kigogo kama ng'ombe mzazi,
na mshale wa mafuta ukalala kushoto
kama mgonjwa aliyekataa uji.

Tukaingia Manyoni kwa mvuke na sala.
Binti wa pampu, Sechelela, jina kifuani,
alilizunguka basi mara mbili,
akachungulia sufuria zangu dirishani.
"Mama, hili huwa linalala wapi?"
"Linapoishiwa."
"Na mnakwenda wapi?"
"Mpaka yaishe."

Ndahani akanigeukia: "Tujaze au tupime?"
Kila siku huuliza hivyo, kila siku nasema tupime.
Nikasema, jaza.

Tarakimu zikaanza kukimbia,
za shilingi zikiziacha mbali za lita,
na mume wangu akinitazama mimi, si pampu.
"Hela ya wapi?"
"Bati," nikasema. "Bati za Nkuhungu.
Ishirini na nne, kwa elfu ishirini na tano.
Laki sita. Lita mia mbili.
Hesabu ya darasa la sita."

Akanyamaza.
Upepo ukaleta vumbi na ile harufu ya dizeli
ambayo, Mungu anisamehe, nimeanza kuipenda.
Ile nyumba tuliianza mwaka aliozaliwa kitindamimba wetu.
Kitindamimba sasa ana ndevu.

"Fremu za madirisha," akasema mwishowe,
"niliziuza mimi. Mwezi wa pili.
Na mlango wa mbele."
"Ndiyo ile Kondoa?"
"Ndiyo ile Kondoa."

Sechelela alicheka hadi akaegemea mashine.
"Na kuta je?"
"Kuta haziuziki," tukajibu kwa pamoja,
kisha tukatazamana:
kumbe kila mmoja alikwisha kuulizia.

Nikalipa. Risiti ikatoka ndefu kama ulimi,
upepo ukainyakua, ikaenda zake kuelekea reli.
Sikuikimbilia. Kichwani ninayo.

Nikafungua daftari juu ya goti:
Manyoni, lita mia mbili.
Na pembeni, kwa penseli, neno moja:
paa.

Ndahani akalisoma juu ya bega langu,
akadhani ni amri,
akawasha.